Mapafu Mazito ya Direkta

Mdogo wangu alinyoosha kidole, akasema, "Ni yaya."

Yaya ni mimi. Kwetu Buyenzi mtoto anamwita hivyo dada yake mkubwa. Nilikuwa nimesimamishwa katikati ya kiwanja cha shule na sinia langu la bombo kichwani, maana direkta, mkuu wa shule, alikataza nisilitue, alitaka watu waione pipi yenyewe. Mbele yangu watoto wa madarasa mawili walikuwa wamepangwa mistari, midomo wazi, kama vifaranga wanaongoja kulishwa. Daktari wa meno, mama mnene mwenye koti jeupe, alikuwa anapita kwa kila mmoja na kijiti chake, anachungulia, anaguna. Kwa mdogo wangu aliguna mara mbili.

Direkta akainama naye akachungulia, kama mtu aliyeangusha kitu mle ndani. Kisha akauliza kwa sauti ya kufika barabarani:

"Sema, mutoto. Nani anakupa sukari?"

Mdogo wangu hakujua kudanganya, na mpaka leo hajui. Akajibu kama alivyoulizwa. Akina mama waliojaa getini wakatoa "Eeeh!" moja kubwa, na direkta akajinyoosha, akanitazama, akatabasamu. Meno yake yalikuwa mazuri sana.

Nimepita mengi katika vita vile vya Burundi. Nimelala chini ya kitanda na baba mchana kutwa, risasi zinagonga mabati ya jirani. Lakini nikiulizwa siku iliyo mbaya kuliko zote nasema ni ile ya watoto kufungua midomo, na watu wanacheka. Wacheke, lakini wanisubiri nimalize.

Baba alikuwa na bucha ndogo, meza moja, kulabu nne na mizani iliyokuwa na kutu upande mmoja. Zamani, kabla barabara hazijakatwa, ng'ombe walikuwa wanashuka kutoka milimani kila juma, na kulabu zote nne zilikuwa na kazi. Vita vilipoingia, na baadaye nchi za jirani zilipotufungia mipaka, mambo tuliyoyaita ambargo, akawa anapata ng'ombe mmoja kwa bahati. Nyama nzuri ilikwenda kwa wakubwa kabla haijapoa. Sisi watu wa kawaida tulibaki na miguu, utumbo na mapafu.

Mapafu tuliyaita nyama ya upepo. Unakula, unashiba, ukikohoa kidogo tu njaa imerudi.

"Muzee, nipe ile nyama isiyo na mfupa," mama mmoja alikuwa anamwambia baba.

"Haina mfupa, haina mafuta, haina hata nyama. Chukua, mama, hii ni ya kutafuna huku unazungumza."

Mimi niliacha shule darasa la tatu, mama na kaka zangu wawili walipouawa. Hesabu zangu zote nilijifunzia kwenye ile meza. Baba aliponifundisha ng'ombe, hakuanza na paja, alianza na mapafu. Aliniwekea mapafu mawili mikononi, ya moto bado.

"Unasikia nini?"

"Mepesi."

"Mepesi kama nini?"

Nikafikiri. "Kama mdogo wangu siku aliyozaliwa."

Alifurahi sana. Ndivyo ilivyo: ng'ombe mzima, na tumbo lake, na pembe zake, na kiburi chake chote, mapafu yake yana uzito wa mtoto mchanga. Yakizidi hapo kwa mwili ule ule, baba alisema, kuna kitu ndani. Ama ni maji, ama ni ugonjwa, ama ni mtu mwenye hila. Hapo aliyatupa kwenye ndoo ya maji. Mapafu mazima yanaelea. Yakizama, alikuwa anamrudishia mchinjaji na matusi juu. Nilishika mapafu mengi mpaka mikono ikawa mizani yenyewe. Hata leo nikipewa mtoto wa mtu nimbebe, nampima bila kutaka.

Direkta wa shule alianza kuja kwetu mwaka ule wa ambargo. Mtu msafi, kola nyeupe, Kifaransa kingi. Shule yake ilikuwa mitaa miwili kutoka kwetu, na mdogo wangu alikuwa anasoma pale. Yeye mwenyewe alikaa Mutanga Nord, kwenye nyumba zenye ua. Kila Ijumaa asubuhi alimtuma mtu wa baiskeli achukue mapafu mawili.

"Ni ya mbwa wangu," alimwambia baba.

"Una mbwa wangapi, direkta?"

"Mmoja."

"Mbwa au simba?"

Wakacheka wote wawili. Baba alimpenda. Mtu anayenunua mapafu bila kulalamika, siku zile, alikuwa kama ndugu.

Shuleni kulikuwa na uji. Wafadhili walileta unga, mafuta na sukari, ili watoto wasizimie darasani. Miezi ya kwanza uji ulikuwa mtamu mpaka mdogo wangu alikuwa anarudi analamba kikombe tupu njiani. Halafu utamu ukaisha.

"Yaya, uji wa leo hauna kitu. Ni moto tu."

"Sukari imekwenda wapi?"

"Direkta anasema ambargo imeikula."

Nani angebisha? Ambargo ilikula petroli, ilikula chumvi, ilikula dawa. Kwa nini isile sukari?

Mimi nami nilikuwa nimeanza biashara yangu, maana kulabu za baba zilikuwa tupu na tumbo halikujua hilo. Nilikuwa ninachemsha sukari na maji kidogo na ndimu, namwaga kwenye sinia lililopakwa mawese, inapoa, naikata vipande. Hiyo ndiyo bombo. Niliifunga kwa karatasi za daftari za zamani. Watoto walipenda kusoma karatasi kabla ya kunyonya, wanasahihisha makosa ya watu wasiowajua. "Huyu kaandika saba mara nane ni hamsini na nne! Mpumbavu!" Na bombo iko shavuni.

Sukari niliipata wapi? Niliipata kule ambako wauza bombo wote waliipata. Kulikuwa na Madamu mmoja Mutanga Nord, unazunguka nyuma ya ua, unagonga geti dogo, anakupimia kwa kikombe. Hukuuliza. Siku zile kuuliza kulikuwa kazi ya watu wenye bunduki. Mara ya tatu au ya nne kwenda ndipo nikamwona direkta amekaa barazani anasoma gazeti, nikajua Madamu ni mkewe. Na ndipo nikamwona mbwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, mweupe, ana miguu kama vijiti vya mishikaki. Nilimwinua wakati Madamu anatafuta kikombe. Mikono yangu ikanipa jibu palepale. Mbwa yule, na manyoya yake na kengele yake ya shingoni, alikuwa mwepesi kuliko mapafu anayonunuliwa kila Ijumaa. Nilimtua chini, nikasema moyoni, mbwa huyu angekula hivyo angekuwa amepasuka. Nikacheka peke yangu. Sikuendelea na hesabu. Mi nilifika darasa la tatu tu.

Getini pale shuleni nilikuwa na mahali pangu, chini ya ukuta, na watoto walikuja na vijisarafu vyao. Mdogo wangu hakulipa. Alikula vipande vilivyovunjika. Na ni yeye, Mungu amsamehe kwa akili zake, aliyegundua ule ufundi. Ule uji usio na sukari ulikuwa hauteremki. Basi akaweka bombo katikati ya meno ya mbele, akaibana, akafyonza uji upitie hapo hapo. Uji ukafika kooni mtamu.

"Angalia, yaya, ni kama chujio!"

Baada ya siku chache shule nzima ilikunywa uji kwa chujio. Ukipita dirishani saa nne ulisikia mlio mmoja tu, fyuuu, fyuuu, kama ng'ombe kwenye tope. Bombo zikawa zinaisha kabla ya mchana. Niliona nimebarikiwa. Alhamdulillahi nilisema, kila siku nilisema.

Halafu Ijumaa moja, mtu wa baiskeli wa direkta alitoka getini na gunia lake nyuma, limefungwa kwa mpira, mapafu yanachungulia juu, damu inadondoka, nzi wamejaa. Alikuwa anapita kwanza shuleni kila mara, sikujua kwa nini. Mnyororo ukamtoka mbele yangu. Baiskeli ikalala, gunia likaanguka.

"Dada, nisaidie kunyanyua."

Nikashika upande mmoja, kwa mkono mmoja, kama mtoto wa bucha anavyoshika mapafu. Gunia halikusogea. Nikaweka mikono miwili. Halikusogea.

"Hee! Ng'ombe gani huyu?"

"Mapafu ya leo yana maji," akasema haraka.

"Yana maji na sisimizi?"

Maana nzi walikuwa juu, ni haki yao, ni mapafu. Lakini chini ya gunia, kwenye mshono, sisimizi walikuwa wamepanga mstari kama watoto wa shule. Sijawahi kuona sisimizi akifuata mapafu kwa heshima ile. Nikagusa mshono, nikalamba kidole.

Yule mtu akanitazama. Nami nikamtazama. "Dada," akasema taratibu, "mi natumwa tu. Kwenye bariyeri askari wanafungua kila gunia. Wakiona mapafu, wananiambia pita, pita, unanuka."

Basi hesabu ikajimaliza yenyewe. Sukari ya uji ilikuwa inatoka shuleni chini ya mapafu ya baba yangu, inapita kwa askari, inafika kwa Madamu, Madamu ananipimia mimi kwa kikombe, mimi naichemsha, naileta getini, watoto wananunua kile kilichokuwa chao. Na badala ya kuimeza mara moja na uji, ikae tumboni, wanaishikilia kwenye meno asubuhi yote.

Nilikwenda kwa direkta siku ile ile. Alikuwa ofisini, chumba safi, ramani ya Burundi ukutani.

"Direkta, nimeona gunia."

Hakushtuka. Alifunga kalamu yake.

"Mdogo wako yuko darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Darasa zuri hilo. Wewe uliishia hapo hapo, si ndiyo? Ingekuwa vibaya naye akiishia hapo." Akaangalia dirishani, mpaka pale nilipokuwa ninakaa. "Na ule ukuta una kivuli kizuri. Wako wengine wanaoutaka."

Sikusema kitu. Nataka hilo liandikwe pia, kwa sababu nikitaja wakosaji siwezi kujiruka. Nilirudi kwenye kivuli changu. Ijumaa iliyofuata mapafu yakapita, nikageuza uso.

Meno ya mdogo wangu yalianza na madoa meupe, yakawa ya kahawia, yakawa na vishimo. Alikuwa ameyapata si muda mrefu, yale makubwa ya mbele, anajivunia. Yale ya utoto alikuwa ameyaweka kwenye kasha tupu la kibiriti. Kwetu jino la mtoto linarushwa juu ya paa, ili jipya lije zuri, lakini baba alikataza, kwa sababu miaka ile kitu kikigonga bati, nyumba nzima ililala chini. Basi mtoto akayatunza mpaka amani ije. Usiku alilia na karafuu mdomoni, na mimi nilimpapasa shavu. Asubuhi nilikwenda kuchemsha sukari.

Nikachoka. Nikaamua kusema. Lakini nitasemaje? Kumtaja mkubwa hadharani ilikuwa kujitafutia shimo. Nikachagua lugha ya bucha. Nikamwambia mama mmoja mpenda maneno, jirani yetu, kwenye foleni ya maji:

"Mi sisemi mengi. Nasema hivi tu: mapafu ya direkta ni mazito. Ni mazito kupita mwili. Mwenye akili ajiulize ndani kuna nini."

Nilifikiri nimesema kwa ujanja. Mtu yeyote wa bucha angeelewa mara moja. Lakini watu wengi si wa bucha. Yule mama akashika kifua.

"Masikini! Kumbe ndiyo maana amekonda!"

Kabla ya swala ya adhuhuri mtaa wote ulijua kwamba direkta ana kifua kikuu. Kufikia Jumapili wakristo walikuwa wamemwombea kanisani. Akina mama walimpelekea maziwa, mayai, asali. Asali! Mkongomani mmoja muuza vitenge alimpelekea kuku mzima, anasema kule kwao supu ya kuku ndiyo dawa ya kifua. Na direkta, mtu mwerevu yule, hakukanusha. Siku ya kupandisha bendera shuleni alikohoa mara mbili kwenye kitambaa, watu wakalengwa na machozi. Akaacha kusomesha darasa la mchana, "kwa sababu za afya". Mtu wa baiskeli aliniambia baadaye kwamba walicheka nyumbani kwake mpaka mbwa akaogopa.

Baba peke yake alielewa. Aliniita.

"Ulisema mapafu gani?"

"Yale tunayomuuzia."

Akauondoa mkono wake kwenye mizani, kama mtu aliyeungua. Ijumaa iliyofuata mtu wa baiskeli alipokuja, baba alimwambia hakuna mapafu. Yalikuwa yananing'inia nyuma yake.

Nadhani ni hilo lililomtisha direkta, si mimi. Akajua bucha imeelewa. Na wafadhili nao walikuwa wameanza kuuliza kwa nini watoto wanaokunywa uji wana meno ya wazee. Wakamleta yule daktari. Direkta alihitaji mtu wa kusimamisha kiwanjani, na mtu alikuwa tayari pale ukutani, na sinia lake.

Mdogo wangu alipoteremsha kidole, nikapiga kelele. Sasa sikutafuta ujanja tena, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea njia moja.

"Muulizeni yeye! Muulizeni mapafu yake yana nini!"

Lo! Getini pakalipuka.

"Humuonei huruma mugonjwa!"

"Unamucheka mutu mwenye kifua!"

"Muuza sumu wewe! Meno ya watoto, sasa na mapafu ya mutu!"

Nikasema sukari, nikasema gunia, nikasema sisimizi, hakuna aliyesikia. Direkta akainua mkono awanyamazishe, mpole, akakohoa kidogo. Daktari akasema watoto watano wana meno yasiyoponyeka, yatang'olewa leo. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza, labda kwa sababu alikuwa karibu. Walimkalisha kwenye dawati. Dawa ya ganzi ilikuwa kidogo. Mimi nilishika kichwa chake, sinia lilikuwa limeshaanguka, na watoto wengine, Mungu wangu, walikuwa wanaokota bombo kwenye vumbi.

Meno manne ya mbele. Nikayapokea kwenye kiganja. Hayakuwa na uzito hata kidogo.

Sikurudi kwenye ukuta ule. Nilifagia bucha ya baba mpaka alipokufa, sasa nauza mkaa Kanyosha, na sina njaa. Vita vilikwisha. Siku ile waliyosema vimekwisha, mdogo wangu, mtu mzima sasa, alichukua kibiriti, akatoka uani, akarusha meno yake ya utoto juu ya bati, moja moja. Tik. Tik. Hakuna aliyelala chini. Tulicheka. Yeye alicheka huku mkono uko mdomoni, kama anavyocheka tangu siku ya dawati. Hata kwenye arusi yake, picha zote, mkono mdomoni, watu wanadhani ni haya ya bibi arusi.

Yale manne hakuyarusha. "Yaya, haya yakirushwa hayaleti mengine," akaniambia, akanipa niyatunze.

Waliomuua mama na kaka zangu wawili sikuwaona sura. Walikuja, wakaondoka, na sijui nimdai nani. Ndiyo maana huyu simwachi. Huyu ninamjua. Direkta yule, na Madamu wa geti dogo, wako Kinanira sasa, nyumba ya juu, na kifua kikuu chake hakijamuua miaka yote hii. Nilimwona sokoni mwaka huu. Akaniamkia, "Dada, habari za siku nyingi?" Meno yote yapo.

Mimi jibu langu nimeshatoa, humu kwenye maneno yangu haya, mbele ya kila mtu: nilijua, nikanyamaza kwa ajili ya kivuli. Sasa ni zamu yako, direkta. Njoo kwenye kiwanja kile kile, saa nne ya asubuhi, uwaite wale watoto, ni watu wazima sasa, wengi bado wako mitaa ile ile. Simama pale niliposimama. Mi nitakuja na kibiriti chenye yale meno manne, mdogo wangu atakuja, na yeye ndiye atakayekuuliza, swali lako mwenyewe: sema, nani aliwapa sukari? Ufungue mdomo, ujibu. Na usikohoe.